Mnyama Hapangiwi Saa: Kamera na Subira Katika Hifadhi za Uganda

Mwanzoni mwa mwaka 2024, katika giza la usiku, simba wawili ndugu walisimama ukingoni mwa Mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George huko magharibi ya Uganda. Mmoja wao, ambaye watafiti walikuwa wamempa jina la Jacob, alikuwa na miguu mitatu tu. Wa nne aliupoteza katika mtego wa majangili. Mwenzake aliitwa Tibu. Maji ya mfereji huo yamejaa viboko na mamba. Simba hao waliingia majini, wakarudi nchi kavu. Wakaingia tena, wakarudi. Mwishowe walijitosa wasirudi, wakaogelea zaidi ya kilometa moja hadi wakafika ng'ambo. Angani juu yao ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera inayoona joto la mwili badala ya nuru, ilikuwa ikiwafuata hatua kwa hatua. Picha hizo zilipotangazwa mwezi Julai mwaka uleule, pamoja na maelezo yake ya kisayansi, watu wa mataifa mengi walistaajabu, kwa maana hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya simba kuogelea masafa marefu kiasi hicho.

Wengi walioziona walisema kwa kauli moja: bahati iliyoje! Mimi ambaye kazi yangu ya kila siku jeshini ni kushika kalamu na kamera sikukubaliana nao. Watu waliozipata picha zile hawakuwa wapita njia. Walikuwa wamewachunguza simba wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth kwa miaka kadhaa. Walimjua Jacob kwa sura, kwa mwendo wake wa kuchechemea na kwa mikasa iliyompata. Walijua ya kuwa saa chache kabla ya hapo ndugu hao walikuwa wamepigana na madume wengine na kushindwa, na kwamba simba majike wamekuwa haba katika hifadhi ile. Kwa hiyo simba walipoukaribia ukingo, kamera ilikuwa mahali pake. Jambo moja tu hawakulijua, nalo ni uamuzi ambao simba wangeufanya.

Hapo ndipo ilipo siri ya picha ya mnyama ambayo haikupangwa. Mwenye kujitayarisha ni mpiga picha. Mnyama huachiwa hiari yake yote.

Katika gwaride mambo ni kinyume kabisa. Mpiga picha wa jeshi hupewa ratiba siku mbili kabla, akajua kamanda atasimama wapi, bendera itapita dakika ipi na jua litakuwa upande gani wa jukwaa. Akikosa picha hana wa kumlaumu. Swala hana ratiba, wala hamtambui mgeni rasmi. Hata hivyo ana mazoea yake, na mazoea hujifunzwa.

Ni vema msomaji ajue kwamba picha za kwanza za wanyama wa Afrika Mashariki zilipatikana kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alizunguka nchi ya Kilimanjaro na Umasaini akiwa na msafara wa wapagazi waliobeba kamera nzito za vioo pamoja na unga wa magnesi, ambao ulilipuka na kutoa mwanga mkali. Ili simba waje mbele ya kamera usiku, alifunga ng'ombe au punda aliye hai awe chambo. Kitabu alichokichapisha mwaka 1905 kilivuma sana Ulaya, na ni haki kusema kwamba baadaye alikuwa mtetezi wa wanyama. Lakini simba wale waliletwa kwa damu ya punda. Wakati huohuo, huko Marekani, George Shiras wa Tatu alikuwa akitandaza uzi msituni, hata paa agusapo uzi huo kamera ijifyatue yenyewe. Mwezi Julai mwaka 1906 jarida la National Geographic lilitoa picha zake 74. Mwanga ule ulimshtua paa, hilo halina ubishi, lakini paa alikuwa katika safari yake mwenyewe. Kamera ambazo wahifadhi huzifunga mitini siku hizi, ili zimpige picha chui apitapo usiku, ni wajukuu wa uzi ule wa Shiras.

Tamaa ya kumlazimisha mnyama haikuisha na zama za Schillings. Mwaka 1958 ilionyeshwa sinema ya kampuni ya Disney kuhusu wanyama wa nchi za baridi, ambamo panya wadogo waitwao lemingi walionekana wakijirusha majini makundi kwa makundi kana kwamba wamekata tamaa ya maisha. Sinema ilipata tuzo kubwa. Baadaye ikafichuka kwamba panya wale walinunuliwa, wakasafirishwa, kisha wakasukumwa kutoka ukingoni na watengenezaji wenyewe. Mpaka leo wako watu wazima, tena wenye elimu, wanaoamini kuwa lemingi hujiua. Mwaka 2010 waamuzi wa mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayofanyika London walimnyang'anya mshindi tuzo yake baada ya kuona kwamba mbwamwitu aliyeruka lango katika picha ile huenda alikuwa mnyama aliyefugwa na kufundishwa. Mwaka 2018 mashindano hayohayo yaliondoa picha nyingine iliyoshinda, kwa kuwa wataalamu waliridhika kwamba mla-mchwa aliyeonekana kandoni mwa kichuguu alikuwa ngozi iliyojazwa, ya maonyesho. Wapiga picha wote wawili walikana.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu picha ni ushahidi. Anayeitazama hakuwapo, anategemea uaminifu wa aliyekuwapo. Ikiwa mbwamwitu ni wa kukodi na lemingi wamesukumwa, basi mtazamaji amefundishwa uongo juu ya viumbe ambao labda hatawaona maishani mwake. Picha yenye ukungu kidogo, ya ngiri akikimbia na mkia wake juu kama mlingoti wa redio, ina thamani kuliko hizo zote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Katika mafunzo ya ukadeti kila ofisa mwanafunzi hufundishwa namna ya kuitazama nchi iliyo mbele yake. Huanza karibu, akaenda mbali. Na macho huyapeleka kutoka kulia kwenda kushoto. Sababu yake ni nyepesi: sisi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na jicho lililozoea kusoma hurukaruka, likilazimishwa kwenda kinyume, hupunguza mwendo na kuona. Hufundishwa pia vitu vinavyomfichua mtu aliyejificha: umbo, kivuli, mng'aro, mstari wa mwili dhidi ya anga, na mwendo. Sijapata kuona somo lifaalo zaidi kwa mtu aendaye mbugani. Chui aliyelala juu ya tawi la mkuyu haonekani kwa madoa yake, maana madoa hayo ndiyo yanayomficha. Huonekana kwa mkia unaoning'inia wima mahali ambapo matawi yote yamelala. Sikio la simba katika nyasi hufichuka kwa sababu limetikisika siku ambayo upepo umetulia.

Baada ya kumwona mnyama, hufuata kumsoma. Simba aliyelala mchana kutwa hainuki ghafula. Kwanza hupiga miayo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hujilamba, akajinyoosha kama paka wa nyumbani, kisha ndipo akasimama. Mtalii aliyechoka huona mwayo wa kwanza, akapiga picha ya meno, akamwambia dereva aondoke. Anayewajua simba huiona miayo hiyo kuwa ni tangazo, akanyamaza kimya akingoja. Tai na ndege wengine wakubwa, kabla ya kuruka, aghalabu huinama mbele na kupunguza uzito kwa kutoa kinyesi. Mpiga picha aonapo hivyo hana budi kidole chake kiwe tayari, kwa maana hana muda mrefu. Furukombe hutupa kichwa nyuma anapolia. Mdiria mweusi kwa mweupe wa Kazinga husimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa kimetulia tuli, halafu hudondoka kama jiwe. Kiboko apanuapo kinywa hana usingizi, anaonya. Na katika Ishasha, kusini ya hifadhi hiyohiyo ya Queen Elizabeth, ambako simba wana desturi ya kupanda mikuyu wakati wa joto, picha nzuri hupatikana jioni wanaposhuka. Simba apandapo mti ana madaha. Ashukapo ni kama mzee anayeogopa ngazi.

Nyani na ndege wadogo ni wapelelezi wasiolipwa mshahara. Kundi la nyani likipiga kelele huku wote wakitazama upande mmoja, wewe nawe tazama huko huko. Swala yule tuliyemweka katika nembo ya taifa hupiga mluzi puani amwonapo adui, na kundi zima huelekeza nyuso mahali pamoja. Dereva anayejua kazi yake huzifuata nyuso hizo badala ya kuwauliza madereva wenzake kwa redio ya gari.

Kuhusu kamera nitasema machache, maana mitambo hubadilika kila mwaka. Jambo kubwa ni kwamba iwe imekwisha kupangwa kabla mnyama hajatokea. Kwa mnyama anayetembea, moja ya mia tano ya sekunde yatosha. Kwa ndege arukaye, sharti iwe moja ya elfu au ya elfu mbili, la sivyo mabawa yatakuwa moshi. Lenzi ndefu hutikisika mikononi. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage na kuwekwa dirishani mwa gari huituliza vizuri kuliko vyuma vingi vya bei kubwa, na maharage yenyewe huliwa safari ikiisha. Injini izimwe, kwa sababu gari linalonguruma hutetemesha picha kabla halijamkera mnyama. Nuru njema katika nchi yetu ya ikweta ni ya saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Baada ya saa nne joto hupanda kutoka ardhini, hewa ikawa kama maji yanayochemka, na nyati aliye mbali hata lenzi ya fedha nyingi haitamnyoosha. Nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani: mbung'o wa Murchison huzipenda rangi hizo, na mtu anayejipiga makofi shingoni hawezi kushika kamera.

Zamani za filamu, ukanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila mfyatuo ulikuwa na gharama yake. Siku hizi kamera hupiga picha 20 na zaidi kwa sekunde, na zipo hata zile ambazo huanza kuzihifadhi picha kabla kidole hakijabonyeza mpaka mwisho. Vijana huniambia kwamba kwa vyombo hivyo subira imepitwa na wakati. Sioni hivyo. Kamera ya picha 20 kwa sekunde iliyoelekezwa mahali pasipo na mnyama hutoa picha 20 za majani. Na kijana asiye na kamera asivunjike moyo: simu ya mkononi ikiwekwa sawasawa kwenye jicho la darubini hutoa picha ya ndege ambayo hutaionea aibu.

Nilijifunza mengi juu ya kungoja katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe. Huko anaishi ndege mkubwa wa rangi ya majivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu cha mbao, ambaye Waganda humwita bulwe. Husimama katika mafunjo bila kutikisika kwa muda mrefu mno hata mgeni akadhani ni sanamu. Chakula chake akipendacho ni kamongo, samaki yule ambaye hana budi kupanda juu ya maji kuvuta pumzi. Hapo ndipo bulwe anapomvizia. Hamkimbilii, hujiangusha juu yake kwa mwili mzima, mabawa wazi, mdomo mbele. Tendo lote ni la nukta moja.

Aliyetupeleka kwa mtumbwi alikuwa mzee wa makamo ambaye zamani alivua samaki katika maji yaleyale. Alinieleza kwamba wavuvi wa enzi za baba yake walimchukia ndege huyo. Mvuvi aliyekutana naye asubuhi aliona heri kurudi nyumbani, kwani siku hiyo hangepata kitu. Wengine walimwua ili kuondoa nuksi. Leo watoto wa mzee huyo wanasoma kwa fedha za wageni wanaokuja kumtazama ndege yuleyule wa nuksi.

Tulimkuta amesimama kiasi cha hatua arobaini kutoka mkondoni. Mzee akauchomeka upondo matopeni, mtumbwi ukatulia. Ikapita nusu saa. Ikapita saa moja. Miguu ilikufa ganzi. Ukaja mtumbwi mwingine wenye wageni watatu, na mmoja wao alitaka wasogee mpaka karibu na ndege. Mwendeshaji wao, kijana, alisita, akamtazama mzee wetu.

"Baba, wanataka niingie ndani," akasema.

"Ukiingia ataruka, mwanangu," mzee akajibu bila kupaza sauti. "Ameshinda hapa tangu alfajiri na hajala. Waambie wakae. Wakitaka kurudishiwa fedha zao, nitawarudishia mimi."

Kijana akawaeleza. Walinung'unika kidogo, kisha wakakaa. Sijui ni dakika ngapi zilipita tena. Mzee aliniinamia akanong'ona: "Afande, shika chombo chako. Ameanza kutazama mahali pamoja." Kwa macho yangu sikuona tofauti yoyote. Nikaweka jicho kwenye kamera hata hivyo. Ghafula pale palipokuwa na sanamu pakawa na mabawa, maji na majani yakiruka. Na bulwe alipoinuka alikuwa na fundo la matope na magugu mdomoni, ambalo alilitikisa polepole mpaka likabaki kamongo peke yake, mnene kama mkono wa mtu, akijinyonganyonga. Wale wageni watatu walishangilia kwa kunong'ona, kama watu walio kanisani. Picha yangu moja ina tone la maji lililofunika jicho la ndege. Siibadilishi kwa nyingine.

Laiti mtumbwi ule ungesogea, bulwe angeruka na kwenda kuanza upya mahali pengine kazi ya asubuhi nzima. Kwetu ni picha iliyokosekana. Kwake ni mlo, na huenda ni mlo wa kinda lililoko kiotani.

Hasara ya namna hii ni kubwa zaidi mahali penye wageni wengi. Julai 2025, kaskazini ya Serengeti huko kwa jirani zetu Tanzania, watalii walishuka magarini na kujipanga ukingoni mwa Mto Mara wakingoja nyumbu wavuke. Nyumbu walipofika waliukuta ukingo umezibwa na watu wenye simu mikononi. Video ya tukio hilo ilienea na kuleta fedheha, na wenye mamlaka wakachukua hatua. Walichokitaka watu wale ni kuona jambo la asili. Kwa kulisogelea mno, walilizuia lisitokee. Ndiyo maana sheria za Bwindi, ambazo baadhi ya wageni huziona kali, mimi naziona za haki: kundi moja la sokwe wakubwa, yaani gorila, hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja, kwa umbali wa meta kumi, na taa ya kamera ni marufuku. Hesabu iliyofanyika mwaka 2018 ilipata gorila 459 katika msitu ule pamoja na Sarambwe iliyopakana nao upande wa Kongo. Mafua ya mgeni mmoja yaweza kuua familia nzima miongoni mwao.

Wako watakaouliza: je, picha hizi zina faida gani kwa mwananchi wa kawaida, ambaye tembo hula mahindi yake? Swali hilo ni la haki. Nitajibu kwa upande mmoja tu niujuao. Madoa yaliyo kwenye mizizi ya masharubu ya simba hayafanani baina ya simba na simba, kama vile alama za vidole vya watu. Picha safi ya uso wa simba ni kitambulisho chake. Kwa picha za namna hiyo watafiti huhesabu simba wa Queen Elizabeth, na kwa hesabu hiyo tulijua kwamba wamepungua karibu nusu katika muda wa miaka mitano hivi. Mwezi Aprili mwaka 2018 simba kumi na mmoja, wakiwamo watoto wanane, waliuawa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu. Mwezi Machi mwaka 2021 simba sita walikutwa Ishasha wamekufa, baadhi ya viungo vyao vimekatwa na kuchukuliwa. Bila picha hawa wangekuwa tarakimu. Kwa picha, wanajulikana mmoja mmoja, na asiyeonekana tena huulizwa habari zake. Jacob mwenyewe alijulikana hivyo: ulimwengu ulijua ni mguu wa simba yupi uliokatwa na mtego.

Lipo jambo jingine ambalo yafaa lisemwe na mtu aliyevaa sare. Katika miaka ya 1970, hasa wakati wa vita vya 1978 na 1979 na machafuko yaliyofuata, watu waliobeba bunduki za serikali walikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa wanyama wa nchi hii. Tembo wa Uganda, ambao katika miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa kiasi cha 30,000, walibaki kama 2,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Meno yao yalikuwa fedha, na risasi zilikuwa za bure. Hata baadaye, upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Murchison haukuwa na usalama mpaka katikati ya miaka ya 2000 kwa sababu ya waasi wa LRA. Leo tembo wamepita 5,000, na mahali ambapo magari ya kijeshi yalipita kwa vita, magari ya wageni hupita kwa kamera.

Lakini tembo huishi miaka sitini. Jike mwenye miaka hamsini hivi sasa alikuwa ndama wakati ule, na yawezekana alimwona mama yake akianguka. Akigeuka kulikabili gari lako katika nyasi za Murchison, masikio yametanuliwa, vumbi limetimka, usimwambie dereva asogee ili upate picha ya kutisha. Zima injini ikiwa kuna nafasi. Ikiwa hakuna, rudi nyuma polepole. Mara nyingi, akiisha kuridhika, hushusha masikio na kurudia majani yake, na ndama hutokeza kutoka chini ya tumbo lake kuja kutazama. Hiyo ndiyo picha.

Faru hawakuwa na bahati ya tembo. Waliokuwa wa asili nchini, weusi na weupe, walikwisha wote mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tuliozaliwa baadaye tumewajua faru weupe wa West Nile kwa picha tu. Dume la mwisho la jamii yao ya kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa nchini Kenya tarehe 19 Machi 2018. Mwaka 2005 wengine, wa jamii ya kusini, waliletwa katika hifadhi ya Ziwa wilayani Nakasongola, ambako wamezaliana chini ya ulinzi wa usiku na mchana. Ndama wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 2009, aliitwa Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani.

Kwa wanaokwenda kuwapiga picha hao, nina ombi ambalo si la kisanii. Simu nyingi za siku hizi huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa hatua chache, pamoja na saa. Mwenye simu haoni maandishi hayo, lakini jangili anayejua mitambo huyaona, na picha iliyotumwa kwa furaha saa nne asubuhi humwelekeza mahali faru alipolala. Jeshini tungeiita hiyo ramani ya adui. Kabla ya kuingia langoni, fungua mipangilio ya kamera katika simu yako, uzime kumbukumbu ya mahali. Na picha yenyewe itume ukisharudi nyumbani, bila kutaja kichaka wala njia.